Mpiga Zumari Aliyeungua Darajani

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili usipoteze muda kumtafuta mwingine humu ndani.

Nilimchoma moto rafiki yangu Duane, Jumamosi mchana kweupe, mbele ya mashahidi wawili. Alipokwisha kuteketea, nikaomba nipitishiwe bakuli la krispi.

Na nilijiona nimefanya kazi safi.

Tulia, usipigie polisi. Aliyeungua alikuwa mtu wa karatasi. Lakini huyo wa karatasi angalau aliagwa. Urafiki wetu haukupata hata hilo.

Iko hivi. Huku Wisconsin, sisi ambao utoto ulikataa kututoka, tuna mchezo wetu wa mezani. Mmoja anakuwa msimamizi. Anakaa nyuma ya kibao cha kadibodi, anasimulia dunia nzima, anaigiza wafalme, wauza pombe na mazimwi. Wengine kila mtu ana mhusika wake kwenye karatasi, na kila mhusika ana fani yake: mpiganaji, mchawi, mwizi, kasisi, mpiga zumari.

Unasema mhusika wako anafanya nini, unarusha dadu, dadu inaamua kama umeweza au umeumbuka. Basi, ni hivyo tu. Tuna mvi na bado tunarusha.

Msimamizi wetu alikuwa Arvid, fundi bomba. Tulichezea kwake, chumba cha chini ya nyumba, pembeni ya mashine ya kufulia. Roxanne, muuguzi, alikuwa na mpiganaji wa shoka. Duane, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, alikuwa na mpiga zumari aitwaye Tobbin.

Mimi naitwa Lowell. Kazini napiga hesabu za hatari kwenye kampuni ya bima. Mezani nilikuwa mchawi.

Tulicheza kati ya kukamua kwa asubuhi na kukamua kwa jioni. Si kwa kupenda kwetu, ng'ombe wa Duane ndio waliokuwa wenyeviti wa kikao. Hata zimwi liwe limemkaba mtu koo, saa ya kukamua ikifika Duane anavaa kofia, anasema, "Mshikilieni hapo hapo," anaondoka. Nasi tunamshikilia mpaka Jumamosi nyingine.

Sasa shida ya Duane ilikuwa moja. Tobbin wake hakujua kupigana.

Vita vikianza tu, Tobbin chali, amezirai. Duane anakunja mikono, anatutazama tukirusha dadu mpaka mwisho.

"Duane," namwambia, "kwa kuwa marehemu hana kazi, hebu niletee bia."

Anacheka, anakwenda kuleta. Ndivyo alivyo. Kila kitu anacheka.

Lakini nje ya vita, yule jamaa alikuwa mtu mwingine kabisa. Huyu Duane ambaye dukani ananunua misumari kwa kunyoosha kidole, akimshika Tobbin mdomo unafunguka kama bomba. Aliwahi kupiga soga na mlinzi wa gereza mpaka mlinzi akaacha kazi, akarudi kwao kulima vitunguu, na funguo akatuachia. Hakuna aliyegusa silaha. Roxanne alicheka mpaka bia ikamtokea puani.

Siku moja nikamuuliza kwa nini asibadili fani.

"Wiki nzima naongea na ng'ombe, Lowell," akasema. "Wazuri, sikatai. Ila hawajibu. Jumamosi nakuja kuongea na watu."

Nikasikia. Kuelewa, sikuelewa.

Mimi nilikuwa mtu wa mizani. Nilitaka kila fani ivute uzito wake, asiwepo mtu wa kubebwa. Mchawi wangu nilimsuka kama mkeka: pete hii inalisha fimbo ile, fimbo inaongeza moto, moto unarudisha nguvu kwenye pete. Ikafika mahali anaweza kuunguza kijiji kabla wenzake hawajafunga kamba za viatu. Kisha nikapiga hesabu ya kila mtu anachangia nini vitani.

Roxanne, vizuri. Mimi, sitaki kujisifu. Duane, karibu na sifuri, na hata hiyo karibu nilimwongezea kwa huruma.

Nikampelekea Arvid.

"Mpiga zumari ni mzigo," nikamwambia. "Fani yenyewe haina uwiano na nyingine. Tunambeba tu."

Arvid alikuwa anafuta kibao chake kwa kitambaa. "Mimi ananifurahisha."

"Mchezo hauko hapa kukufurahisha wewe."

"Haya, uko hapa kumfurahisha nani?"

Nikaona ni swali la kitoto, nikaliacha lipite.

Sasa njoo kwenye siku ya daraja.

Arvid alitutolea zimwi kubwa kuliko yote tuliyowahi kuona, limesimama katikati ya daraja la mawe, wenzake wadogo wako nyuma yake na marungu. Roxanne akapuliza dadu zake. Mimi nikakunja mikono ya shati.

Duane akainua kidole.

"Tobbin anaweka zumari lake chini," akasema. "Anakwenda darajani mikono mitupu."

"Umechoka kuishi?" Roxanne akamuuliza.

"Dakika moja tu, dada."

Arvid akanenepesha sauti. "Hapa hapiti mtu."

"Wala sitaki kupita," akasema Duane. "Nimekuona umesimama, nikaihurumia miguu yako. Kwa nini hukai?"

Nilimwona Arvid anatafuta jibu kwenye dari. Halafu akalipata, na sauti ikashuka.

"Kaka yangu aliniambia nisimame hapa mpaka arudi."

"Alikwenda wapi?"

"Ng'ambo."

"Lini?"

"Wakati huo daraja lilikuwa la mbao."

Roxanne akaacha kutafuna. Mashine ya kufulia ikamaliza mzunguko wake, ikalia, hakuna aliyegeuka.

Duane akaegemea meza. Mikono yake ile iliyopasuka kwa baridi ilikuwa imetulia kabisa.

"Na akirudi," akaliuliza zimwi, "kitu cha kwanza utamwambia nini?"

Arvid akafikiri. Akachukua sanamu ya plastiki ya zimwi iliyokuwa mezani akailaza kidogo, kwamba limepiga goti. Kisha akawasogeza wale wadogo, mmoja mmoja, waje karibu wasikilize.

Hapo ndipo mimi nilipowaona.

Sikumwona kaka, wala mbao, wala goti. Niliona maadui wote wamejipanga kwenye duara, na duara hilo linaenea sawasawa na mpira wangu wa moto, uchawi wangu mkubwa kuliko wote. Katika miaka yote ya kucheza sijawahi kupewa mpango mzuri kama ule. Mpigo mmoja, wote. Gharama: mpiga zumari mmoja.

"Narusha mpira wa moto," nikasema.

Arvid akainua macho. "Duane yuko pale."

"Najua. Nimeshamhesabu."

"Lowell, mwenzako anaongea," Roxanne akasema.

"Ndiyo maana wamesimama vizuri."

Kwa kanuni ya meza yetu, ukitamka umetamka. Msimamizi hakuzuii, anasimulia tu kilichotokea. Arvid alinitazama, akanipa nafasi ya kujirudi. Nikaitumia kukusanya dadu. Nikazimwaga kwa mikono miwili, zikaanguka vizuri ajabu, namba kubwa kubwa, kama zilikuwa zinanisubiri.

Zimwi, majivu. Wenzake wadogo, majivu. Tobbin, majivu.

"Nipitishieni hizo krispi," nikasema.

Mdomo wa Duane ulikuwa bado umefunguka kidogo, kama mtu aliyekatiwa simu.

Mezani kwetu mhusika akifa, karatasi yake inachomwa kwenye jiko la soseji uani, na wote tunavua kofia, hata baridi iweje. Tukatoka. Theluji ilikuwa magotini. Duane akaiweka karatasi ya Tobbin juu ya makaa, kati ya soseji mbili, ikajikunja ikaisha. Tukasimama vichwa wazi, masikio yanauma.

Mimi nikaona huu ndio wakati mzuri. Nikatoa karatasi mpya mfukoni. Nilikuwa nimemwandalia siku nyingi.

"Usihuzunike, mzee. Nimekutengenezea kasisi. Anatibu watu, anavaa chuma, hafi hovyo. Hesabu zote nimeshakupigia. Huna haja hata ya kusema kitu, wewe unarusha tu."

Ndiyo. Nilimwambia hivyo. Nilikuwa natabasamu.

Duane akaipokea, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni.

"Haidhuru, Lowell. Sawa tu," akasema. Akatazama upande wa gari lake. "Ng'ombe wananisubiri."

Saa ya kukamua ilikuwa bado kabisa.

Watu wa huku hatugombani. Mtu wa huku akikutukana, shukuru, bado mna maisha pamoja. Akikwambia "haidhuru, sawa tu," ujue umeshazikwa na nyasi zimeota juu.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Akatuma ujumbe kwamba ana kazi. Iliyofuata pia, kazi. Mimi nikasema afadhali, sasa tunacheza hata baada ya saa ya kukamua.

Na tukacheza. Mizani ikakaa sawa kama nilivyoitaka. Zimwi linatokea, Roxanne anarusha, mimi narusha, linakufa. Lete jingine. Linatokea, linakufa. Arvid akaacha kunenepesha sauti. Mazimwi yake hayakuwa tena na kaka wala miguu inayochoka, yalikuwa na namba tu, na alitusomea hizo namba kama mtu anayesoma mita ya maji.

Kisha Roxanne akaanza kupangiwa zamu Jumamosi. Muuguzi akiupenda mchezo, hubadilishana zamu na mwenzake. Nilimjua miaka mingi, sikuhitaji kuelezwa.

Tukabaki wawili. Ndipo nikawasha gari nikaenda shambani.

Nilimkuta Duane bandani anavalisha ng'ombe mashine ya kukamulia. Ukutani alikuwa ametundika redio mpya. Haikuwa na muziki. Ilikuwa imefunguliwa kituo cha watu wanaobishana, sauti juu kabisa.

"Rudi mezani," nikamwambia. "Chagua mhusika yeyote unayemtaka."

"Kazi nyingi siku hizi."

"Umenikasirikia."

"Hata kidogo." Akampapasa ng'ombe mgongoni. "Utakunywa kahawa?"

Nikanywa. Akanieleza bei ya chakula cha mifugo. Akanieleza barafu ya ziwani mwaka huu ni nyembamba, watu waangalie wasizame na magari. Nilikuwa naomba moyoni anitukane hata mara moja. Akanisindikiza mpaka kwenye gari, akanifungia mlango vizuri, akaniambia niendeshe polepole kuna utelezi.

Alikuwa mwungwana mpaka nikatamani kulia. Nilipofika barabara kuu, ile hamu ya kulia ilikuwa imegeuka hasira. Si unajua mtu anavyojilinda.

Nikaenda moja kwa moja kwa Arvid. Nikamkuta chumba cha chini anafunga mazimwi yake ya plastiki kwenye magazeti, moja moja, anayapanga kwenye boksi.

"Unafanya nini?"

"Nafunga meza."

"Kwa sababu ya Duane? Mtu mzima anasusa kwa ajili ya karatasi?"

"Hajasusa. Hana cha kufuata hapa."

"Arvid, usinizingue. Yule alikuwa mzigo, na wewe unajua. Kila vita anaanguka wa kwanza. Hata bila moto wangu angekufa tu. Hesabu ninazo."

"Zamani hakuwa anaanguka."

Hilo lilikuwa kweli. Miaka ya mwanzo Tobbin alikuwa anapiga watu kwa zumari lake, na wanaanguka. Kuna chura mkubwa alimuua kwa kiatu.

"Zamani mazimwi yalikuwa madogo," nikasema. "Yakakua, yeye akabaki pale pale. Si ndiyo kasoro ya fani yake ninayoisema kila siku?"

Kabla sijakupa alichojibu Arvid, funzo nalimwaga hapa hapa, kwa sababu baada ya jibu lile mimi sikuwa na neno tena na sijalipata mpaka leo. Funzo lenyewe ni hili: ukikaa kupima nani anabebwa na nani anabeba, jipandishe na wewe kwenye mizani. Mimi nilipima wote. Mezani palikuwa na mtu mmoja ambaye sikuwahi kumuuliza uzito wake unamlalia nani, na mtu huyo alikuwa anavaa viatu vyangu.

Haya, tuendelee.

"Yalikua yenyewe?" Arvid akauliza.

"Uliyakuza wewe. Msimamizi ni nani?"

"Kwa nini niliyakuza?"

"Nitajuaje? Ulipenda."

Arvid akalifunga lile zimwi la darajani kwenye gazeti, akalilaza juu ya mengine, akafunika boksi.

"Madogo ulikuwa unayachoma kabla sijafungua mdomo," akasema. "Kila ulipomwongezea mchawi wako pete, nilirudi hapa nikashona zimwi jipya la kukutosha wewe. Yale mazimwi yalikuwa saizi yako, Lowell. Duane ndiye alikuwa anapigwa nayo."