Shuka la Mama Adhieu, na kwa nini nasoma hadithi za upelelezi zisizo na damu

Wakuu, nawasalimu wote, wa mchana na wa usiku.

Kuna mdau humu aliuliza kwa nini mtu mzima mwenye akili zake asome hadithi za upelelezi ambazo hazina risasi, hazina matusi, hazina mambo ya kitandani, na mpelelezi mwenyewe ni bibi mwenye paka. Wengi mlicheka. Nilianza kumjibu pale pale, jibu likawa refu, nikaona nilifungulie uzi wake.

Nilichokiona kwa macho nitasema nilikiona. Nilichosimuliwa nitasema nilisimuliwa. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Ilikuwa kati ya 2012 na 2013. Nilikuwa Lodwar, kaskazini mwa Kenya, nakusanya habari za kituo kidogo cha redio. Mjini kila mtu alikuwa anaongea mafuta yaliyokuwa yamegunduliwa huko, nani atapata kazi, ardhi ya nani itachukuliwa. Zangu zilikuwa zile nyingine: mifugo imechukuliwa upande wa Namoruputh, mvuvi wa Longech hajarudi, gari limepigwa risasi barabarani.

Nikirudi nyumbani nilikuwa nasoma thriller. Yaani mchana maiti, jioni maiti.

Sasa kulikuwa na mzungu mmoja amepanga nyumba ya jirani. Mkataba wake ukaisha, akaondoka na kuniachia katoni ya vitabu. Nikafungua kwa hamu. Majalada yote yana birika za chai, keki na paka. Nikasema huyu kaniachia vitabu vya watoto.

Basi stima ikapotea, simu ikaisha chaji, nikachukua kimoja ili jioni ipite.

Kwa wasiozijua, hizi hadithi zina ramani yake. Kuna kijiji au mtaa mdogo ambapo watu wote wanajuana. Kitu kinapotea, au mtu mmoja ambaye hakuna aliyempenda sana anakutwa amekufa, na hiyo maiti huonyeshwi. Anayechunguza si polisi. Ni mama wa duka la mikate, au mwalimu mstaafu anayeongea na kasuku wake. Ana tabia za ajabu, ana umbea, na anakumbuka vitu vidogo. Mwishoni ukweli unajulikana, watu wanakunywa chai, na kijiji kinabaki kijiji.

Nilimaliza kitabu na nikalala vizuri. Mwezi ule hilo halikuwa jambo la kawaida.

Kila wiki nilikuwa naenda Kakuma kutafuta habari kwenye kambi ya wakimbizi. Ukimaliza kazi unasubiri lift ya kurudi Lodwar, na mimi nilikuwa nasubiria kwa Mama Adhieu.

Huyu ni mama wa Sudan Kusini aliyekuwa na kibanda cha chai ndani ya kambi, block moja karibu na mto Tarach. Mrefu, mkimya, na muda wote ana kichujio cha chai mkononi, hata akienda kanisani. Alikuwa na imani yake kwamba mtu anayedanganya hukoroga chai muda mrefu. Sijui ni kweli, lakini tangu siku ile mimi hukoroga haraka.

Mchana wanawake wa block walikuwa wanakaa pale kivulini wakidarizi milaya, yale mashuka meupe ya kwao yenye maua na ndege wa nyuzi za rangi. Siku moja wakaniona nacheka peke yangu na kitabu.

"Wewe mama ya redio, unacheka na karatasi?"

Nikawasimulia. Mashindano ya kupika pai, na pai iliyotegemewa kushinda imepotea.

"Pai ni nini?" akauliza Mama Tabitha. Huyu ni jirani wa Mama Adhieu, na mdomo wake hauna breki.

"Kama mandazi kubwa, ndani kuna matunda."

"Na kijiji yote inakosa usingizi juu ya mandazi?"

Wakacheka mpaka mmoja akajidunga sindano. Lakini wiki iliyofuata, kabla sijakaa, swali likawa, "Ile mandazi, nani alichukua?"

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kila wiki nilikuwa nasimulia, Mama Adhieu anatafsiri kwa wasiojua Kiswahili, wengine wanabishana. Huyu bibi hana mume, nani anamletea maji? Paka analala kitandani kwa nini? Kasuku akitoa ushahidi, ataapa kwa kitabu gani?

Niliwahi kuwauliza kama niwaletee hadithi zenye vita na bunduki, zina msisimko zaidi. Mama Tabitha ndiye aliyejibu, bila kuinua macho kwenye sindano yake.

"Hapana. Katika hii yako mtu anakufa kabla hatujamjua. Hiyo ni nzuri. Wale wetu tulikuwa tunawajua."

Sikuuliza tena.

Sasa nije kwenye tukio lenyewe.

Kulikuwa na mama wa Kiturkana, mwenyeji wa pale, Nakiru, aliyekuwa analeta kuni kambini karibu kila siku. Anaacha kuni, anapewa unga. Nyumba yake ilikuwa inakula kwa zile kuni, na block nzima ilijua hivyo.

Nakiru alikuwa na tabia moja, anaomba. Akikuona na shanga, "nipe." Kikombe, "nipe." Na zaidi ya yote aliipenda milaya moja ya Mama Adhieu, yenye korongo wawili wanaotazamana, kazi ya miezi mingi. Kila akipita alikuwa anaishika na kusema, "Hii ni yangu. Utanipa lini?" Mama Adhieu anamjibu, "Siku nitakufa." Wanacheka, Nakiru anaenda.

Wiki moja nimefika, naona kibanda kimenuna. Mama Tabitha amesimama, mikono kiunoni. Nikaelezwa kwamba siku ya mgao wa chakula block yote ilienda kwenye foleni. Mama Adhieu aliacha milaya yake ya korongo ikikauka juu ya uzio wa miiba, upande wa njia ya mtoni. Aliporudi, uzio mtupu.

Na tangu siku hiyo Nakiru hajaonekana.

"Alisema na mdomo yake ni ya kwake!" Mama Tabitha akasema. "Kila siku! Sasa ushahidi gani tena mnataka?"

Mwenyekiti wa block alikuwa ameitisha kikao kesho yake. Alichokuwa anataka kupitisha kilijulikana: Nakiru asiingie tena, na nyumba yoyote isichukue kuni zake. Vijana nao walikuwa wanasema kikao cha nini, waende kwake wakamwulize wenyewe. Nyinyi mnaoijua Kakuma mnajua safari ya namna hiyo inavyoweza kuisha. Wenyeji na wakimbizi wamewahi kupigania vitu vidogo kuliko shuka.

Na mimi nikiri, mkono ulikuwa tayari kwenye kinasa sauti. Hiyo ilikuwa habari, na bosi wangu angeipenda.

Mama Adhieu akamimina chai, akakaa.

"Ngojeni. Yule bibi ya paka angeuliza nini?"

"Bibi ya paka hajawahi kuibiwa milaya," Mama Tabitha akajibu.

"Ameibiwa mandazi. Kaa chini."

Akaanza polepole, kichujio mkononi. Nani anaweza kuuza ile milaya? Kambini kila mwanamke anajua mkono wa mwenzake, na korongo mmoja wa Mama Adhieu ana mguu uliokosewa, umekaa kama wa kuku. Ukiipeleka sokoni ni kama kumtembeza Mama Adhieu mwenyewe. Basi haikuchukuliwa ili iuzwe.

Halafu akanigeukia. "Wewe unakaa Lodwar na Waturkana. Wanaomba namna hii?"

Nikamwambia ndiyo. Majirani zangu Lodwar walikuwa wameshaniomba viatu, saa, sufuria, hata nywele zangu za kusuka. Nikikataa wanacheka, kesho wanaomba tena. Kwao kuomba ni kama salamu, baada ya "ejok" inafuata "nipe". Usipoombwa ndipo ujiulize kama wanakuhesabu mtu. Na sijawahi kupoteza hata kijiko.

"Eeh," akasema. "Mwizi haombi. Mwizi anaangalia, ananyamaza."

Mama Tabitha alikuwa anakoroga chai. Aliona anatazamwa, akaacha.

"Sasa swali ya mwisho," Mama Adhieu akaendelea. "Msiulize nani. Ulizeni, ile shuka ilikuwa inahitajika kwa kazi gani? Mchana, jua hii. Nani anataka kufunikwa?"

Mmoja akasema, "Maiti."

"Tungesikia kilio," Mama Adhieu akasema.

Ndipo Mama Tabitha mwenyewe, yule yule, akaweka kikombe chini taratibu. "Ile siku ya mgao asubuhi Nakiru alipita na mke wa mtoto wake. Yule msichana mwenye tumbo. Tumbo ilikuwa imeshuka, hata mimi nilisema."

Wakuu, sijawahi kuona watu wakisimama pamoja namna ile.

Tulienda watatu, Mama Adhieu, Mama Tabitha na mimi, tukavuka Tarach ikiwa mchanga mtupu. Mama Adhieu alibeba sukari na majani ya chai. "Kwa mzazi huendi mikono mitupu," akasema. Mama Tabitha akauliza, kama hakuna mzazi je? "Tutarudi na sukari yetu."

Nyumba ya Nakiru ilikuwa nyuma ya kichaka cha miiba ya mathenge. Tuliiona kwa mbali kwa sababu juu ya paa la makuti, wameanikwa juani, walikuwepo korongo wawili.

"Si ndiyo hiyo! Si nilisema!" Mama Tabitha akaropoka.

"Na mwizi gani anaanika juu ya nyumba?" Mama Adhieu akamjibu.

Nakiru akatoka. Alipotuona hakukimbia, aliinamisha kichwa. Nayaandika maneno yake kama nilivyoyasikia.

"Uchungu ilimshika kwa njia. Mimi nakimbia kwa nyinyi, naita. Naita! Nyumba yote kimya. Mtoto anatoka kwa mchanga. Nikachukua hii." Akaionyesha shuka. "Naosha, damu inakataa. Naosha, inakataa. Nitarudisha chafu kwa mwenyewe?"

Na hakuweza kutoka. Msichana hakuwa na mtu mwingine, na kwa nyumba yao mzazi haachwi peke yake kabla kitovu cha mtoto hakijaanguka. Alikuwa anangoja kianguke, aje na shuka na maneno yake.

Ndani kulikuwa na kivuli kizuri. Msichana amekaa, mtoto wa kike kifuani, mdogo kama kiganja. Nakiru akaishusha milaya, akaikunja, akamkabidhi Mama Adhieu kwa mikono miwili. Doa lilikuwepo, limefifia, chini ya ule mguu wa kuku.

Mama Adhieu aliitazama sana. Halafu akaikunjua, akamfunika mtoto.

"Wewe umeomba na mdomo, nikakunyima," akamwambia Nakiru. "Huyu ameomba na kulia. Khalas, nimeshindwa."

Nakiru akacheka huku machozi yanamtoka. Mama Tabitha alikuwa tayari ameinama nje anawasha moto wa chai. Jina la mtoto nilisimuliwa baadaye. Walimwita Napeyok, kwa Kiturkana ni mtoto wa wageni. Nilijiuliza wageni ni nani pale, mimi niliyetoka Lodwar, au hawa waliotoka Sudan Kusini.

Kikao cha kesho yake nilisimuliwa pia. Mama Tabitha ndiye aliyesimama kumtetea Nakiru, kwa sauti ile ile aliyomshtakia. Mwenyekiti akafuta hoja yake, na wakakubaliana kwamba siku ya mgao block haitabaki tupu tena. Lazima mtu mzima abaki, anayeweza kuitika akiitwa.

Redioni bosi aliniuliza nimeleta nini kutoka Kakuma. Nikasema mtoto amezaliwa. Akasema hiyo si habari.

Nilipomwona Nakiru tena alikuwa anaingia block na kuni kichwani. Akazitua, akamtazama Mama Tabitha miguuni, akamwambia, "Hivyo viatu ni vyangu. Utanipa lini?" Mama Tabitha akamjibu, "Siku nitakufa."

Basi mdau uliyeuliza, jibu langu ndilo hilo. Thriller zilinizoesha kutafuta mtu mbaya haraka. Hizi za bibi na paka zilinizoesha kukaa na swali, na kukumbuka kwamba baada ya ukweli kujulikana, watu wale wale wataendelea kuishi jirani. Kwa mahali kama Kakuma, huo haukuwa mchezo wa watoto.

Bado nasoma thriller, sijaokoka. Ila nikiwa na wiki mbaya najua katoni iko wapi.

Karibuni. Wanaobisha wabishe, na wanaozisoma kwa siri wajitokeze, hatutawacheka. Na kama nawe ulishawahi kumhukumu jirani kwa kitu kilichokuwa juu ya uzio, tuambie kiliishia wapi.