Ripoti iliyokula kahawa ya siku ya kufunga

Wakuu, habari za humu. Hii imenitokea mwenyewe, sijasimuliwa na mtu, pale Moshi mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Kila nikiikumbuka damu inachemka.

Nilikuwa data clerk kwenye kampuni ya kununua kahawa. Kikundi cha wakulima kisipofikisha kilo za mkataba, msimu unaofuata kinaondolewa. Hesabu zilitoka kwenye report aliyoitengeneza fundi mmoja wa Dar.

Msimu ule report ikasema kikundi cha Mama Aikande wa Uru hakijafikisha. Akashuka ofisini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, siku ya kufunga msimu watoto wote walikuwa wamefika kwa ajili ya Krismasi. Wakatushushia magunia yote kwa magari yao. Leo mnasema hatujaleta?"

Watu wa kwetu mnaelewa. Desemba kila mtu anarudi nyumbani, magunia yanasubiri wenye magari. Siku ya mwisho ndiyo yenye mzigo mkubwa.

Nikafungua data. Magunia yapo, tarehe ipo, saa ya kupimwa ipo.

Kwenye jumla hayamo!

Nikampigia fundi. "Kompyuta haikosei, angalieni mnavyoingiza." Akakata. Jamani!

Basi nikaishika formula mwenyewe. Sum, ile ya kujumlisha, ilichukua tarehe zote mpaka siku ya kufunga. Ukiangalia unaona iko sawa, si ndiyo? Kumbe tarehe isiyo na saa, mashine inaisoma ni saa sita usiku, siku ndiyo kwanza inaanza. Magunia yaliyopimwa asubuhi hiyo hiyo yanahesabika yamechelewa!

Nikabadilisha condition, yaani lile sharti la tarehe, ikawa "kabla ya siku inayofuata". Kilo zikapanda, Uru wakapita.

Bosi akafurahi, akaagiza chai. Mama Aikande hakuigusa.

"Na wale wa Old Moshi mliowatoa mwaka jana?"

Nikaendesha report ya mwaka jana kwa formula mpya. Nao walikuwa wamefikisha.

"Basi tuwaite warudi," bosi akasema.

"Warudi na nini, baba? Mibuni walishang'oa. Wamepanda nyanya."

Mama Aikande akasema hivyo, akainuka kwenda zake.

Nilichojifunza: data ikiwa na saa, usiandike "mpaka tarehe fulani", andika kabla ya siku inayofuata. Na jumla ikitaka kumfukuza mtu, fungua kwanza mistari yake uisome.

Yule fundi kama yumo humu, ajitokeze, nina hasira naye mpaka leo. Na nyie wengine, report gani imewahi kuwaumizia watu? Semeni.