Nasiba Hataki Mama Atoroke

Kamembe, Rwanda, kwenye njia inayoshuka mpakani, mama anayemtoroka mtoto wake mbele ya Nasiba hujuta. Mwaka wa tisa sasa Nasiba analea watoto wa wanawake wanaovuka kwenda kuuza Bukavu, upande wa Kongo, na kwa kazi yake hiyo hana unyenyekevu hata chembe. Anaijua, na anajua kwamba anaijua.

Nzigire, muuza nyanya, alipomleta Ciza, mtoto wa mwaka mmoja na nusu, alifanya kama wanavyofanya wengi: alimwonyesha kuku uani, kisha akanyata akaenda zake. Siku tatu mfululizo. Ciza alilia mpaka sauti ikamkauka, uji hakuugusa, na hata kuku hakutaka tena kuwaona, maana alishajua kuku wanaleta nini.

Siku ya nne Nzigire alikata tamaa. "Maman Nasiba, naacha kuvuka. Huyu mutoto atakufa na kilio." Na nyumbani kwake hakuna mwingine wa kuleta chakula.

Nasiba akamjia juu. "Usimukimbie! Kila akigeuza macho unapotea, atalala namna gani? Umuambie unaenda. Umuambie utarudia akisha amuka. Alie mbele yako, kisha urudie kweli."

"Na kama nachelewa?"

"Hautachelewa."

Nzigire akapiga magoti, akaaga. Ciza akamganda shingoni kama kupe. Nasiba akambandua kidole kimoja kimoja, akamfunga mgongoni kwa kitenge cha mama yake, akaendelea kuchagua mchele huku mtoto akilia. Hakumwambia anyamaze. Alimwambia tu, tena na tena, "Ndiyo, Maman ameenda. Atarudia."

Mchana Ciza alipoamka, mama yake alikuwa mkekani, jasho likimtiririka. Nusu ya nyanya alikuwa amemwachia mwenzake sokoni.

Wiki ya pili kilio kilipungua. Wiki ya tatu, Nzigire alipopiga magoti, Ciza alimpungia mkono kabla hajamaliza kusema. "Enda, Maman. Rudia." Akamgeuzia mgongo, akawafuata wenzake.

Nzigire alibaki mlangoni, machozi yakimlengalenga. "Hata hakulia?"

"Hakulia," alisema Nasiba, kifua mbele, utadhani yeye ndiye aliyemzaa. "Sasa wewe, enda. Akikuona unalia, atazania hautarudia."