Kioo cha Kanyange

Jua limeshapita vichwa vya migomba ya Ntobeye, wilayani Ngara, na Pancras Ntakirutimana bado amelala chali kwenye kiti cha nyuma cha gari. Miguu iko nje, mkono mzima umezama ndani ya mlango uliobanduliwa gamba la ndani. Ngoma zimeanza kulia. Kioo cha kushoto kimeshuka tangu jana na kimekataa katakata kupanda.

"Betri nzima, fyuzi nzima, mota nzima. Huyu ana kiburi tu!" anasema fundi huyo, jasho likimwingia masikioni.

Leo hana muda wa kubembelezana na vyuma. Leo anamwoza binti yake wa kwanza, Kanyange. Bwana harusi, Koplo Telesfori, amerudi mzima kutoka vitani Uganda, na keshokutwa ruhusa yake inakwisha. Kwao ni Nemba, wilayani Biharamulo, safari ya vumbi na mbung'o. Harusi ikikwama leo, hakuna ajuaye jeshi litamwachia tena lini.

Gari lenyewe ni refu, la rangi ya maziwa. Liliachwa na mkandarasi wa barabara aliyerudi kwao Ulaya, na kijiji cha ujamaa kikalichukua kubebea wagonjwa. Pancras, aliyejifunzia ufundi kwenye kambi ya barabara, ndiye daktari wake. Vipuri ni vya kuota tu. Tangu vita vianze, hata balbu ya taa inatafutwa wilaya nzima.

"Lakini vioo vyake vinapanda vyenyewe kwa umeme!" anasema, na uso unang'aa kama ndiye aliyevibuni. "Mgonjwa wa homa akiviona anasahau kulia."

Anayemnyima raha leo ni mama yake mzazi, Bibi Marsiana. Yeye aliolewa kwa ingobyi, machela ya kusuka inayobebwa mabegani na kufunikwa mkeka, bibi harusi asionekane njiani. Alitaka mjukuu wake aende hivyo hivyo. Pancras akambembeleza hadi koo likakauka: Nemba ni mbali, wabebaji watakufa, na gari likifungwa vioo ni ingobyi yenye magurudumu. Bibi akakubali shingo upande.

Sasa amesimama kando ya gari, mikono kiunoni.

"Mlango wa ingobyi yako uko wapi, Pancras?"

Jirani mmoja, Xavery, anashauri kioo kivutwe kwa mkono kisha kikazwe kwa kipande cha mti. Kitafika Nemba kimefungwa, biashara imekwisha. Bibi Marsiana anamgeukia.

"Nilipofika kwa wakwe, niliinua mkeka kwa mkono wangu mwenyewe, kidogo tu, nikapokea maziwa. Hapo ndipo walipojua nimekubali. Ukikaza mti, mjukuu wangu atafika kama gunia la maharage. Bila kioo, haendi!"

Xavery anakumbuka ghafla kuwa ana kazi jikoni.

Pancras anarudi mlangoni. Anapapasa nyaya moja moja, hadi pale mlango unapokunjikia kwenye bawaba. Anavuta mpira unaozifunika, na anapiga ukelele unaowanyamazisha wapiga ngoma. Nyaya zimekatika ndani kwa ndani, kwa miaka ya kufunguliwa na kufungwa. Anazimenya, anazisokota, anazifunga utepe. Anakimbilia kiti cha dereva na kubonyeza swichi.

Kioo kinapanda! Kinashuka, kinapanda tena. Watoto wanarukaruka, wapishi wanaacha vyungu, Pancras anacheza ngoma peke yake na bisibisi mkononi.

"Nani amekifungua?" anauliza Bibi Marsiana.

"Mimi, mama! Mwanao!"

"Wewe ndiye unayeolewa?"

Kicheko kinapasuka uwanja mzima. Pancras hacheki. Anakwenda kwenye swichi ya mlango wa nyuma, atakapokaa Kanyange, anaibonyeza. Kimya. Anaifungua: kutu imeila. Anaitupa kitini. Halafu macho yanamhama taratibu kwenda mlango wa pili wa nyuma, wa kulia. Nao una swichi yake.

"Nilijiona mjinga," anasimulia. "Dawa ilikuwa inanitazama."

Anaihamisha. Kioo kinatii, ila kinalia kwa ukavu. Bibi Marsiana anasogea mlangoni. Anafungua kibuyu cha samli ya kumpaka bibi harusi, anachovya kidole, na kuupaka mpira wa dirisha kama anavyopaka shavu la mtoto.

Alasiri, gari linaingia uani kwa wakwe Nemba, jeupe kwa vumbi, vioo juu. Bibi Marsiana amekaa mbele na hajafumba macho njia nzima, maana hajawahi kupanda gari kabla ya leo. Mama wa Telesfori anasogea na kibuyu cha maziwa. Ngoma zinanyamaza.

Kioo hakisogei.

Pancras anageuka kukitazama. Nyaya? Mawe ya barabarani? Kidole kinaisogelea swichi ya dereva. Bibi Marsiana anamdaka kifundo cha mkono.

"Mwache."

"Mama, na kama imeharibika?"

"Na kama anafikiri?"

Nyuma, Kanyange anavuta pumzi. Mota inanguruma. Kioo kinashuka upana wa kiganja, kinasimama, na mkono unaong'aa samli unatoka kupokea maziwa. Vigelegele vinaitikisa Nemba. Koplo Telesfori, aliyetoka vitani bila kudondosha chozi, anajifuta kwa kofia yake. Pancras naye analia waziwazi, na anasingizia vumbi.

Furaha hiyo imempa kazi mpya. Mlango wa kulia hauna swichi, na mdogo wake Kanyange, Deodata, amemaliza darasa la saba; iko siku naye ataolewa. Pancras ameshatuma salamu kwa madereva wa malori wanaopita Lusahunga: popote watakapoona gari bovu la aina ile, wamkumbuke.

"Deodata anacheka, anasema Kanyange alitoka kushoto, na yeye atatoka huko huko," anasema Pancras, akilipiga gari kofi la mapenzi. "Sawa, lakini swichi nitaitafuta. Siku hiyo ikifika nataka awe na milango miwili, achague mwenyewe afungue upi. Na asipofungua, nitawasha gari, nitamrudisha nyumbani."