Kitufe Namba Moja

Mjini Goma, anayetaka kununua gari kubwa la kifahari humwita kwanza yule fundi wa Munigi, kwa sababu hana haraka. Hulizunguka gari mara mbili, hupapasa rangi kwa mgongo wa mkono kama mama anayempima mtoto homa, hunusa zulia, kisha huvua viatu ndipo aingie, kama mgeni nyumbani kwa watu. Siku ile alikuwa ameitwa na Papa Kambere, mfanyabiashara wa Butembo. Muuzaji aliyevaa miwani myeusi alisema mwenye gari ni patron mmoja, bosi mkubwa, "mutu murefu kama mulingoti, ameenda Kinshasa." Fundi akaitikia kwa kichwa, akaketi penye usukani, akabonyeza kitufe namba moja, kile kinachokumbuka mkao wa mwenye gari na kukirudisha kiti pale pale anapokaa. Kiti kikanguruma, kikapanda juu, kikasogea mbele polepole hadi magoti ya fundi yakabanwa chini ya usukani. Vioo vya pembeni navyo vikainama.

"Kiti kimekufa?" Kambere akauliza.

"Hapana, papa. Kinafanya kazi." Fundi akapima kwa kiganja nafasi iliyobaki kati ya kifua chake na usukani. "Mwenye kukaa hapa alikuwa mufupi sana."

Muuzaji alianza kucheka, akaacha.

"Lakini iko muzima?" Kambere akasisitiza.

Fundi alijichomoa, akavaa viatu vyake pale nje taratibu, akifunga kamba moja baada ya nyingine.

"Gari yenyewe, papa, iko muzima."