Vitita Viwili vya Fiina

Fiina Lehtisalo hakujua kukaa. Ungemkaribisha kahawa, akaipiga mafunda mawili matatu amesimama, jicho dirishani, halafu huyoo, ameshaaga. Wageni wa kijiji walidhani ana kiburi. Sisi majirani tuliokuwapo mwaka wa 1918 tulijua kilichomtoa kwenye kiti.

Kazi yake ilikuwa kuumika. Alikuchanja mgongo kwa kishoka kidogo, akabandika pembe za ng'ombe, akakutoa damu mbovu. Yote hayo aliyafanyia ndani ya sauna yake, kibanda cha kuogea mvuke kando ya ziwa. Humo humo alizalisha wanawake, na humo humo aliosha maiti. Kwa hiyo ndani ya sauna hatugombani. Ukiwa na neno na mtu, mngoje nje.

Mwaka huo Wekundu, yaani sisi vibarua na wapangaji, tulikuwa tumeshindwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Weupe, wenye mashamba na jeshi lao, walikuwa wakitukusanya kama viazi. Kwenye kambi zao za wafungwa watu walikufa njaa, na wengine hawakufikishwa hata huko. Anselmi, mwana pekee wa Fiina, alikuwa amejificha msituni. Jumamosi moja ya Juni akaingia kwa mama yake mchana kweupe, kajaa chawa.

Mama mwingine angempa mkate amfukuze. Fiina akamwogesha! Akamfungia na kitita chake cha matawi mabichi ya kujichapia kwenye mvuke, kama mgeni wa sikukuu. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika. Lakini alikuwa mwanawe, na alikuwa ananuka, na ilikuwa Jumamosi.

Walipomaliza kuoga wote wawili, Anselmi akiwa anatafuta suruali, hatua zikasikika uani. Alikuwa Bwana Evert Ylitalo, mwenye ardhi yetu na mkuu wa Weupe hapa kijijini, amekuja kuumikwa. Anselmi akajisukuma chini ya jukwaa la mbao, gizani, nguo kifuani.

"Umeshaoga, mama?" Evert akauliza mlangoni.

"Nimeoga, Bwana."

"Peke yako?"

"Nani atamtaka kizee kama mimi?"

Evert hakucheka. Alikuwa akitazama ukutani, mahali palipotundikwa vitita viwili, vyote vikidondosha maji. Kwetu kila anayeoga ana chake. Ndipo na Fiina akaviona.

Evert akavua bastola na kitambaa cheupe cha mkononi, alama ya Weupe, akavua na nguo, akalala kifudifudi juu ya jukwaa. Fiina akachanja. Damu ikapenya kwenye nyufa za mbao, ikamdondokea Anselmi usoni, naye kabana pumzi.

"Niliitazama ile shingo, Hulda," Fiina aliniambia baadaye. "Na kishoka ninacho. Niliitazama sana."

"Mkono wako unatetemeka," Evert akasema.

"Uzee, Bwana."

"Haukutetemeka ulipomwosha Kaarlo."

Kaarlo alikuwa mwana wa Evert, aliyeuawa na Wekundu vitani huko Tampere mwezi wa Aprili. Fiina alimwosha juu ya mbao hizo hizo.

Alipomaliza, Fiina akageuka kuosha pembe zake. Evert akavaa, akatoka. Fiina akakimbilia ukutani kuficha kitita cha mwanawe. Hakukikuta. Kilibaki kimoja tu.

"Amekichukua akawaonyeshe!" akanong'ona. "Anselmi, toka! Kimbia!"

Lakini walinzi wawili wa Weupe, wenye bunduki, walikuwa wameshaingia uani.

"We bibi, mwanao kaonekana huku. Umeoga na nani?"

"Nimetoka kumsugua bosi wenu. Kamuulizeni kama ametakata."

Mmoja akacheka. Mwenzake akachungulia gizani, akatazama ukutani, akakiona kitita kimoja kilicholowa.

"Kaoga peke yake," akasema. Wakaenda zao.

Anselmi akavuka hadi Sweden. Vuli ilipoingia, Evert akarudi kuumikwa. Fiina akamshika mkono, machozi yanamtoka. Evert akauvuta mkono wake.

"Usinishukuru. Humu ndani sikumwona mtu. Nikimwona nje, nampiga risasi. Kaarlo wangu harudi."

"Na wangu je, Bwana?"

"Na wako asirudi." Akalala kifudifudi. "Haya, chanja."

Akachanja. Akaendelea kumchanja kila masika na kila vuli, mpaka nywele za wote wawili zikawa nyeupe. Anselmi alioa huko huko Sweden, akapata watoto ambao bibi yao hakuwashika. Na Fiina akiwa kwangu, kikombe mkononi, alikuwa akitazama njia, asijue amwombee mwanawe aje au asije.

Mara moja tu, mwaka aliokufa, alikubali kukaa. Evert alikuwa akipita nje, mgongo umenyooka, anatembea kama kijana.

"Mwone alivyo mzima," Fiina akasema. "Atatuzika sote kabla wangu hajarudi. Damu mbovu yote nimemtoa mwenyewe."