Alama Tano za Kisu

Kanisani sijamwambia mtu, nawaambia ninyi. Frank, bosi wangu pale kiwandani Tonawanda, huku ughaibuni, alikuwa anaifufua bunduki kuukuu ya jeshi ambayo marehemu baba yake aliinunua jeshi lilipouza silaha zake za zamani. Akanipa kitako chake cha mti nikakisafishe nyumbani. Nitoe grisi tu, basi.

Bon, chini ya grisi nikakuta alama tano zilizokatwa kwa kisu. Mimi ni mtu wa milima ya Kivu. Waliotuchomea nyumba walikuwa na bunduki zenye vitako vya namna hiyo: alama moja, maiti moja. Nikasali, nikachukua msasa, nikasugua mpaka mti ukawa laini kama benchi la kanisa. Mjinga mimi, nilijiona mtumishi wa Mungu.

Jumamosi nilipokirudisha, Frank akapitisha kidole kwenye kitako, akarudia, akanitazama.

"Alama ziko wapi?"

"Nimezitoa, bosi," nikajibu kifua mbele. "Baba yako amesamehewa."

"Amesamehewa nini? Alikata moja kila mtoto wake alipozaliwa. Ya mwisho ilikuwa yangu."